Injini Chini ya Turubai

Watu husema nimezaliwa na shaka, na sikatai. Nikiacha dumu la oili mahali, natia alama ya msumari pale ilipoishia. Nikimpa mtu gari aitengeneze, nasoma kilomita kabla ya kumpa na nasoma tena nikirudishiwa. Mke wangu huniambia kwamba siku nitakayokufa nitalipima kaburi kwanza kabla ya kukubali kuingizwa. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadai nimejificha.

Pikapu yangu ni kuukuu, ya petroli, na mabomba ya kuzuilia mizigo kule nyuma niliyachomelea mwenyewe. Asubuhi nachukua chochote: saruji, vitanda kutoka kwa maseremala, viti vya arusi. Alasiri nawapelekea wauza vyakula wa Forodhani meza zao, mkaa na barafu. Gari hiyo imenisomeshea watoto. Lakini injini yake ilikuwa imechoka kabisa. Ilikula oili kama petroli, na nikisimama barabarani moshi ulinizunguka mpaka watu wa vespa wakanitukana huku wameziba pua.

Fundi wangu akasema hakuna maana tena ya kuifungua.

"Hii nshaifungua mara tatu, yakhe," akaniambia. "Vyuma vyake haviji tena. Tafuta ya dizeli, aina ile ile kama hii yangu hapa, mie naijua vizuri. Ntaikalisha humu itulie. Lakini usende kununua peke yako. Ngoja nipate nafasi, twende sote."

Alipotaja "hii yangu hapa" alionyesha kidole kwenye pembe ya gereji, ambako chini ya turubai la kijani palikuwa na injini aliyoiweka kwa miaka. Kila mtu Kiembe Samaki, mtaa wa gereji hiyo, aliijua. Alikuwa anajengea gari yake mwenyewe, bodi tupu lililokaa juu ya mawe, na kila mwezi aliongeza kitu kimoja. Injini ndiyo aliyoanza nayo, nzima, ameifunga vizuri, na mara moja moja alifunua turubai akaipangusa.

Mimi katika maneno yake yote nilisikia moja tu: "twende sote." Masikio yakasimama. Nani asiyejua mambo hayo? Fundi anakupeleka kwa muuzaji, wanapeana jicho, bei inapanda kidogo, na wewe ukishaondoka fundi anarudi kuchukua cha juu chake. Sisemi kwamba aliwahi kunifanyia hivyo hata siku moja. Nilisema moyoni tu kwamba anaweza.

Na huyu hakuwa fundi wa kuokota njiani. Ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama yake aliugua sana alipomzaa, na mama yangu, ambaye alikuwa ananinyonyesha mimi wakati huo, akamchukua na yeye. Akatunyonyesha pamoja kwa zaidi ya mwaka. Kwa dini yetu huyo ni ndugu kamili. Hakuna dada yangu hata mmoja anayeweza kuolewa naye. Mama humwita mwanangu, na mama yake mzazi alipofariki, huyu wangu ndiye mama pekee aliyebaki naye. Huyo ndiye niliyemwogopa asinile cha juu.

Basi siku ya pili, bila ya kumwambia, nikaenda peke yangu kwenye uwanja mmoja wa injini za mtumba, nje kidogo ya mji. Zilikuwa zimepangwa chini safu kwa safu, nyengine zina kutu, nyengine zina mafuta. Muuzaji akanipeleka moja kwa moja kwenye moja iliyopakwa rangi ya fedha, inang'aa mpaka unajiona. Aina ile ile aliyoitaja ndugu yangu. Akaunga betri, akatia dizeli kwenye chupa, ikawaka pale pale chini, mlio safi. Nikaisikiliza kwa sikio la kulia na kwa sikio la kushoto. Nikamwandikisha namba ya injini kwenye karatasi, herufi kwa herufi, nami nikiitazama ile iliyogongwa ubavuni. Na ili nisije nikabadilishiwa njiani, nikachukua msumari nikaikwaruza mistari mitatu upande wa nyuma, chini, mahali ambapo mtu hawezi kupaona bila kuinama. Muuzaji alinitazama nikifanya hivyo. Hakusema kitu, na mimi nikamwona mtu mwema kwa sababu hakusema kitu.

Nilipoingia nayo gereji, palikuwa na watu wengi, wakiwemo wazee wawili watatu wa mtaa ambao huja kunywa kahawa pale na kutoa maoni kuhusu magari ya wenzao. Nikasema kwa sauti ili wote wanisikie kwamba nimeichagua mwenyewe, sikuhitaji kushikwa mkono na mtu. Ndugu yangu akaizunguka. Akapitisha kidole gumba juu ya rangi, akakinusa.

"Umenunua wewe?" akauliza.

"Mie mwenyewe."

"Haya," akasema.

Ile "haya" ilinikera. Niliamini kabisa kwamba imemuuma kukosa alichokitarajia.

Kazi ikaanza, na mimi nikahamia gereji. Nilikalia kreti la soda kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, macho hayabanduki. Nilimwona akisimamisha mabomba matatu yaliyofungwa pamoja juu, akaning'iniza mnyororo wa kunyanyulia, akaitoa ile injini yangu kongwe ikaning'inia inachirizika mafuta. Nilimwona akikata vile vishikio ambavyo injini hukalia, kwa sababu vya petroli na vya dizeli havilingani, akachomelea vipya, akapima kwa kamba, akavitoa, akachomelea tena. Kila alipoweka kitu mfukoni niliuliza ni nini. Mara ya kwanza alinijibu ni nati. Mara ya pili alinionyesha. Mara ya tatu alinitazama tu.

Siku ya nne nilipofika, injini ya rangi ya fedha ilikuwa imefunguliwa vifuniko na yeye amechuchumaa nyuma yake na kurunzi. Akainuka haraka aliponiona.

"Yakhe, leo nenda nyumbani," akasema. "Kamwamkie mama. Usirudi mpaka Alkhamisi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukinikalia hapa sifanyi kazi."

Nikaondoka, lakini moyo niliuacha pale. Katika maisha yangu hakuna aliyeniambia nisitazame ila alikuwa na la kuficha. Siku mbili hizo sikula vizuri. Nilipita mara moja kwa gari la mtu, nikaona geti la gereji limefungwa mchana kweupe, na mlio wa nyundo ndani.

Alkhamisi pikapu ilikuwa tayari. Aliwasha akanipa. Wallahi, haijapata kutembea hivyo tangu niijue. Ilivuta kwa utulivu, bila moshi, bila kutetemeka, na nilipokwenda nayo mpaka Bububu na kurudi, mshale wa joto haukupanda hata kidogo. Mtu mwengine angeshukuru. Mimi nikaanza kujiuliza kwa nini inakwenda vizuri hivyo.

Nilifunua boneti nyumbani. Rangi ya fedha haikuwepo. Nikampigia simu pale pale.

"Rangi iko wapi?"

"Rangi haiendeshi gari," akanijibu, na mtu akamwita huko, akakata.

Ukibadilisha injini lazima namba mpya iandikwe kwenye kadi ya gari, kwa hiyo nilichukua karatasi yangu na kitambaa, nikaufuta ubavu mpaka namba ikatokea. Nikasoma mara mbili. Haikuwa namba yangu. Nikalala chini ya gari nikatafuta mistari yangu mitatu. Haikuwepo. Nilibaki pale chini kwa muda, mgongo kwenye vumbi, nimeshika karatasi juu ya uso. Ajabu ni kwamba nilichokihisi kilikuwa karibu na furaha. Nilikuwa nimeshuku maisha yangu yote, na hatimaye nimepata.

Nikaenda kwake. Watu walikuwepo, hakutaka kuzungumza.

"Gari inakwenda?" akaniuliza.

"Inakwenda."

"Basi panda uende zako. Tutazungumza mimi na wewe, si sasa."

Sikungoja hiyo mimi na wewe. Ijumaa, wakati watu wote wamekwenda kuswali, mimi nikaenda gereji. Nasema kwa aibu: niliikosa Ijumaa kwa ajili ya kufunua turubai la mtu. Geti lilifungwa kwa kamba tu. Nikaingia mpaka pembeni, nikanyanyua lile turubai la kijani, na chini yake ikaning'aria injini ya rangi ya fedha. Nikainama. Mistari mitatu ilikuwepo.

Hesabu yangu ikakamilika hapo. Amechukua injini yangu mpya kwa ajili ya gari yake, na mimi amenifungia ile aliyoiweka miaka na miaka. Kila kitu kilikaa sawa sawa: kunizuia nisiende kununua peke yangu, ile "haya", kunifukuza siku ya nne, geti kufungwa. Sikuona hata tundu moja katika fikira yangu. Nikarudisha turubai kama lilivyokuwa, nikaenda zangu.

Kwa nini sikumkabili? Nimejiuliza sana. Kumwambia ndugu uliyenyonya naye kwamba ni mwizi, usoni, ni jambo zito, na mimi pamoja na ukali wangu wote ni mwoga wa macho ya mtu. Polisi ni aibu ya ukoo mzima. Nikaona niende kwenye Halbadiri.

Kwa asiyejua, Halbadiri ni kisomo. Mtu aliyeibiwa au kudhulumiwa hukusanya watu, ubani hufukizwa, husomwa majina ya wale masahaba waliopigana vita vya Badri, kisha huombwa kwamba aliyedhulumu adhihirike na lake limpate. Jina la mtu halitajwi. Kwa kawaida hutangazwa siku kadhaa kabla, na mara nyingi kutangaza kunatosha. Unaamka asubuhi unakuta kitu chako kimewekwa mlangoni. Wako mashekhe wasiokitaka kabisa kisomo hiki. Kwetu kinaogopwa.

Shekhe niliyemwendea alikuwa mtu wa maneno machache.

"Umemuuliza unayemshuku?"

"Nimemuuliza."

"Kakwambiaje?"

"Kanambia nipande gari niende zangu. Shekhe, mie nimeona kwa macho yangu."

"Haya. Lakini ujue, hiki kisomo hakina jina ndani yake. Kinamtafuta aliyedhulumu, popote alipo."

Nikamwambia ndivyo hasa ninavyotaka.

Nikatangaza kwenye baraza la kahawa Mji Mkongwe, nikatangaza Kiembe Samaki pale pale gereji, mbele yake, nikisema nimeibiwa chuma changu na nimempa mwizi siku saba. Wazee wakaacha kunywa. Yeye alikuwa amelala chini ya gari la mtu, miguu tu inaonekana, na miguu ile haikusogea. Siku saba zikapita. Hakuna kilichorudishwa.

Kwa mama nilisema uongo. Mama haoni vizuri tena, macho yake yameingia ukungu, na siku nyingi hukaa nyuma ya pazia la ukumbi wetu wa chini akisikiliza nyumba. Alisikia mikeka inatandikwa.

"Kuna nini leo?"

"Halbadiri, mama. Nimeibiwa vyuma vya gari. Mwizi simjui."

"Masikini mwanangu," akasema. "Mwambie na ndugu yako aje aitikie."

Nikasema ntamwambia. Sikumwambia.

Walikuja watu kama kumi na tano baada ya alasiri. Udi uliofukizwa ulikuwa wa mama, aliutoa mwenyewe kwenye sanduku lake. Kisomo kilikuwa kimefika katikati pale ndugu yangu alipotokea mlangoni amevaa kanzu safi. Akavua viatu, akakaa karibu na mlango, magoti pamoja. Watu walitazamana. Mimi nikakaza macho kwenye mdomo wake.

Shekhe akanyanyua mikono. "Yarabi, aliyemdhulumu mja wako huyu, mdhihirishe."

"Amin," ndugu yangu akasema, kwa sauti ile ile ya wengine, hakuishusha.

"Yarabi, umrudishie dhulma yake mwenyewe."

"Amin," akasema. Na nyuma ya pazia mama akasema kwa nguvu, juu ya sauti zetu zote: "Amin, Yarabi, amin!"

Hapo nikamwona akigeuza shingo kulitazama pazia. Rangi ya uso wake ilibadilika. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema kimempata.

Hakula halua wala hakunywa kahawa. Akanambia mlangoni, taratibu: "Kesho njoo na gari la mtu uchukue chuma chako." Nikawageukia watu waliobaki, nikawaambia mmesikia? Wakaguna wote kwa kustaajabu, na shekhe akakusanya vitabu vyake.

Kesho yake nilikwenda na lori la jirani. Ndugu yangu akaivuta injini kwa mnyororo, akaipandisha, akaifunga kamba mwenyewe. Hakusema neno mpaka nilipoingia ndani ya lori.

"Na hiyo iliyomo kwenye pikapu," akasema, "ukishaitoa nirudishie. Hiyo yangu."

Nikaipeleka ile ya kwenye lori Bububu kwa fundi mwengine, mtu asiyenijua wala kumjua ndugu yangu, kwani huyo ndiye mtu pekee niliyeweza kumwamini. Pikapu nilikuwa nimeshaiacha kwake tangu asubuhi. Nikamwambia atoe hiyo na kutia hii. Akaitazama ile ya rangi ya fedha, akanusa, akaomba petroli na kitambaa. Akasugua upande wa nyuma, chini. Rangi ikatoka upande mmoja. Chini ya rangi palikuwa na gundi ya chuma, imesawazishwa vizuri. Akachukua bisibisi akakwangua, gundi ikabanduka vipande vipande, na ufa ukaonekana, mrefu kama shibiri, kutoka kwenye njia ya maji kwenda chini.

"Kakuuzia nani hii?"

 Niliinama nikaupitishia kidole ufa ule. Na hata hapo, nisikilizeni vizuri, hata hapo neno la kwanza lililonitoka lilikuwa: "Haiwezi kuwa imeangushwa juzi juzi?"

Yule fundi akaniita karibu. Akanionyesha kutu ndani ya ufa, kutu ya zamani. Kisha akaokota kipande cha gundi kilichoanguka, bado kina rangi ya fedha juu yake, na juu ya rangi palikuwa na mkwaruzo wa msumari. Mmoja kati ya mistari yangu mitatu ulikuwa juu ya gundi yenyewe. Siku ile ya kununua nilikuwa nimeukwaruza ule ufa kwa mkono wangu, na sikuhisi hata kwamba chuma ni laini.

"Hii ungeifunga usingefika nayo Mahonda," akasema. "Maji na oili zingekutana njiani. Hii iliyomo ndani ya gari yako kakufungia nani?"

"Fundi mmoja wa Kiembe Samaki."

Akainama akaitazama kwa muda, akagusa vile vishikio vilivyochomelewa. "Usiiguse. Mtu huyu kakufanyia kazi ya ndugu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Niliendesha pikapu mpaka Kiembe Samaki, na injini yake ilikuwa inanguruma kwa utulivu mbele ya miguu yangu, na sikuweza kuisikiliza.

Alikuwa peke yake, ananawa mikono kwa petroli. Turubai la kijani lilikuwa limekunjwa juu ya bodi lake tupu.

"Kwa nini hukunambia?" nikamuuliza. Bado nilikuwa nauliza mimi!

"Nikwambie nini? Ningekwambia imepasuka ungesema nimeiangusha mie."

Nikafungua mdomo nikatae. Saa moja tu iliyopita nilikuwa nimeuliza neno hilo hilo. Nikafunga mdomo.

"Na ulikuwa ushajisifu mbele ya watu," akaendelea. "Sikutaka wakucheke. Nikasema basi, nimtilie hii yangu, gari itembee watoto wale, halafu tukipata kuwa wawili ntamweleza. Wewe hukunipa nafasi ya kuwa wawili."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Wewe nshakusamehe. Wewe nakujua tangu tunatambaa." Akafuta kidole kimoja kimoja. "Injini iache humo humo, mie ntapata nyengine. Lakini yakhe, mama naye kaitikia."

Jibu lilikuwa sentensi moja tu: Mama hakujua, nilimdanganya. Ilikuwa mdomoni. Nikamtazama, nikafikiri nikisema hivyo atakwenda kwa mama, na mama atajua nilichomfanya aombe, na hatonitazama tena. Nikaimeza. Nikasema kwaheri, nikapanda gari, nikaondoka na injini yake.

Akaacha kuja. Zamani hazikupita siku tatu bila ya kuja kumwamkia mama. Sasa ikawa wiki, zikawa wiki mbili. Mama akiuliza, mimi najibu: kazi nyingi, mafua, kasafiri Pemba. Katika siku hizo jino likaanza kuniuma, na kila likipiga niliamini limetumwa. Nilikwenda kwa shekhe kumuuliza kama kisomo kinaweza kurudishwa. Akaniuliza kama yule aliyedhulumu ameshadhihirika. Nikasema ndiyo, shekhe. Akasema basi mwambie akaombe radhi kila alipopaharibu, na akarudi kwenye kitabu chake.

Sikuomba. Nilingoja siku nzuri. Mama hakungoja, alimwambia mke wangu ampigie simu, amwambie mama yako anakuita.

Akaja Ijumaa, baada ya sala. Tulikuwa ukumbini, mama kwenye jamvi lake bila mtandio, nywele nyeupe wazi, kwa sababu hapakuwa na mtu ila sisi. Tukasikia mlangoni:

"Hodi."

Nilimjua kwa sauti. Mtu huyu hajapata kupiga hodi nyumba ile. Tangu mtoto huingia moja kwa moja, anaita mama kuko nini jikoni, anafunua sufuria. Mama hakuweza kumjua kwa neno hilo, hajawahi kulisikia kinywani mwake.

"Nani mgeni huyo?" akauliza, mikono inapapasa kanga. "Mwambieni angoje, nijitande."

Mlango ulikuwa wazi nusu, na yeye alisikia. Nilimwona akitazama chini. Bado alikuwa amevaa viatu, amesimama nje ya kizingiti.

"Shikamoo, mama. Ni mie."

Mikono ya mama ikasimama, kanga iko nusu ya kichwa. "Wewe? Tangu lini wewe unapiga hodi kwangu?"

 Akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. Alikuwa anangoja tu aone nitamwachia na hili pia alibebe.

"Mama," nikasema, "ile Halbadiri nilimsomea yeye. Nilimshuku, na hakuwa na kosa. Nikakudanganya. Wewe hukujua unamwitikia nani."

 Nilimsikia ndugu yangu akivuta pumzi mlangoni, pumzi ndefu, na nikajua kwamba wiki zote mbili alikuwa anaamini mama amemlaani kwa kujua. Mama alikaa na kanga ile mkononi. Kisha akaivua kabisa kichwani, akaikunja, akaiweka pembeni.

"Pita, mwanangu," akasema. "Njoo ukae hapa."

Akavua viatu akaingia, akapita ubavuni mwangu. Mama akamshika uso kwa viganja viwili, akampapasa kuanzia kipaji cha uso mpaka kidevu, na midomo yake inasoma kitu. Nilipiga hatua moja ya kuwasogelea.

"Wewe toka nje," mama akaniambia, bila ya kunigeukia. "Nenda ukapige hodi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mke wangu akainamisha kichwa. Nikatoka kwenye uchochoro, jua la mchana limesimama juu, jirani ameketi barazani kwake ananitazama mimi, mtu mzima niliyesimama mbele ya mlango wangu mwenyewe. Nikasema hodi. Ndani nilisikia sauti zao wawili, chini chini, na kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. Nikasema hodi mara ya pili. Kwa desturi yetu hodi ni tatu, na usipojibiwa ya tatu unaondoka. Nikaishika ya tatu mdomoni, sikuitoa, nikabaki nimesimama pale mlangoni.